Mlipuko Ukibisha Hodi, Nani Anaongoza?

Machi 21, 2023, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa nchini. Hadi Juni 2, siku mlipuko ulipotangazwa kuisha, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Watu zaidi ya 200 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa, kila mmoja kwa siku 21.

Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa wala dawa yake mahususi. Kwa hiyo kilichozima mlipuko ule hakikuwa sindano. Ni watu waliopangwa vizuri: wa kupima sampuli, wa kutembelea nyumba, wa kuzika kwa usalama, wa kuongea na wanakijiji, wa kuhesabu glavu zimebaki ngapi. Na juu yao, mtu wa kuamua.

Tukisoma habari za milipuko huwa tunauliza ugonjwa ni gani, umetoka wapi, umeua wangapi. Ni mara chache tunauliza: nani alikuwa anaongoza, na alijifunza wapi kuongoza jambo kama hilo? Makala hii inahusu swali hilo la pili. Na kabla hujafungua ukurasa mwingine ukisema "hayo ni ya watu wa Muhimbili," vumilia kidogo. Yanatuhusu sisi wa ualimu, wa sheria, wa uhasibu, mpaka CR wa darasa lako.

Elimu ya ugonjwa si elimu ya kuongoza

Kuna dhana tuliyoizoea kwamba dharura ya afya ikitokea, mpe usukani daktari mwenye shahada nyingi kuliko wote. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Daktari anajua mwili wa mgonjwa. Lakini katika mlipuko, maswali mengi yanayomjia kiongozi si ya mwili wa mgonjwa. Gari la wagonjwa halina mafuta, nani anasaini? Diwani anataka kwenda redioni, aseme nini? Wauguzi hawajalipwa posho na wanatishia kuondoka. Familia imegoma kutoa maiti. Maabara inasema majibu kesho, lakini uamuzi unatakiwa leo.

Haya hayafundishwi kwenye kozi ya magonjwa. Ni fani nyingine, na ina historia yake.

Chanzo kimoja kikubwa cha fani hiyo wala si hospitali, ni moto. Mwaka 1970, California nchini Marekani iliungua kwa siku nyingi. Vikosi vya zimamoto vilikuja kutoka kila upande, lakini kila kikosi kilikuwa na maneno yake, redio zake na bosi wake. Walikuwepo watu, zilikuwepo gari, ila hakuna aliyejua nani anamwamuru nani. Wahenga wetu walishalisema hilo kabla ya California: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Baada ya moto ule, Wamarekani wakatengeneza mfumo wa kusimamia tukio, ambao baadaye ulichukuliwa na sekta ya afya na leo unatumika karibu dunia nzima.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani. Kuna kiongozi mmoja wa tukio. Chini yake kuna vitengo vinne: utekelezaji, yaani wanaofanya kazi yenyewe, mipango na taarifa, wanaokusanya takwimu na kuangalia kesho, ugavi, wanaotafuta vifaa, magari na chakula, halafu fedha na utawala. Kila mtu ana bosi mmoja tu. Na bosi mmoja asisimamie moja kwa moja watu zaidi ya saba, wakiwa watano ndiyo vizuri zaidi.

Wote tumewahi kufanya kazi ya kundi ya watu kumi na wawili ambapo wawili wanaandika, mmoja anaprinti, na waliobaki wanauliza kwenye WhatsApp "jamani tumefikia wapi?" Shida ya kundi lile mara nyingi si uvivu peke yake. Hakuna aliyepewa kazi inayojulikana kuwa ni yake. Sasa chukua kundi hilo, ongeza hofu, vifo, waandishi wa habari na usiku wa kuamkia Jumapili. Hiyo ndiyo dharura ya afya isiyo na mfumo.

Lagos, 2014

Mfano ambao walimu wa fani hii wanaupenda ni wa Nigeria. Julai 20, 2014, abiria mmoja kutoka Liberia, Patrick Sawyer, alitua Lagos akiwa mgonjwa. Alikuwa na Ebola. Lagos ni jiji la mamilioni ya watu, na wakati ule madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo. Ukitaka kutunga hadithi ya kutisha, huhitaji kuongeza kitu.

Katika hospitali binafsi alikopelekwa, Dkt. Ameyo Adadevoh alikataa kumruhusu atoke, pamoja na shinikizo lililokuwepo. Sawyer alifariki Julai 25. Dkt. Adadevoh naye aliambukizwa na akafariki Agosti 19. Huo ni uongozi wa aina yake, wa mtu mmoja kusema hapana mlangoni, na aliulipia kwa uhai.

Lakini ujasiri wa mtu mmoja usingetosha kama nyuma yake pasingekuwa na chombo. Nigeria ilikuwa tayari na kituo cha operesheni za dharura kilichoanzishwa kwa ajili ya kupambana na polio. Watu wake walishazoea kukaa meza moja, kugawana kazi, kusoma takwimu asubuhi na kuamua kabla ya jioni. Serikali ikamchukua Dkt. Faisal Shuaib kutoka kituo hicho cha polio, ikamfanya kiongozi wa tukio la Ebola. Wahitimu wa mafunzo ya epidemiolojia kwa vitendo wakaingia mitaani. Karibu watu 900 waliotangamana na wagonjwa walitafutwa, na ziara zaidi ya 18,000 za ana kwa ana zilifanyika. Mwisho wa yote walihesabiwa wagonjwa 20, wakafariki 8. Oktoba 20, 2014, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba Nigeria imemaliza Ebola.

Angalia mpangilio wa mambo: mafunzo yalikuja kwanza, kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa. Ebola ilipofika, hawakuanza kujifunza. Walihamisha tu walichokwisha kujua.

Kinachofundishwa hasa

Mafunzo haya yana mada nyingi, lakini ukizichuja zinabaki tano.

Ya kwanza ni kuamua kabla hujajua kila kitu. Chuoni tunazoezwa kinyume chake: soma vyanzo vyote, kisha andika hitimisho. Kwenye mlipuko, ukisubiri vyanzo vyote unakuta makaburi. Kiongozi anafundishwa kuamua kwa anachokijua leo, kuandika sababu za uamuzi wake, na kuubadilisha kesho bila aibu taarifa zikibadilika.

Ya pili ni kuhesabu muda. Kuna kipimo kilichopendekezwa miaka michache iliyopita kinachoitwa 7-1-7. Siku 7 za kugundua mlipuko tangu uanze, siku 1 ya kutoa taarifa kwa mamlaka, na siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Uzuri wake ni kwamba unaonyesha ucheleweshaji umekaa wapi. Kama kugundua kulichukua siku 20, tatizo liko zahanati na kijijini, usimlaumu mtu wa makao makuu.

Ya tatu ni kugawa kazi na kuiachilia. Kiongozi anayeshika simu, anaendesha gari, anajaza fomu na bado anahojiwa na televisheni atachoka siku ya tatu. Akichoka, uamuzi wake unachoka pia.

Ya nne ni kusema na watu. Julai 2022, watu mkoani Lindi walianza kuugua homa na kutokwa damu puani, na baadhi walifariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vilirudi vikionyesha hakuna. Serikali ilitangaza kwamba kuna ugonjwa ambao bado haujajulikana na uchunguzi unaendelea, kisha siku chache baadaye ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Kusema "bado hatujajua, lakini tunafanya hiki na hiki" ni sentensi ngumu sana kwa mtu mwenye cheo. Inahitaji mazoezi. Kiongozi asipoisema, nafasi hiyo inajazwa na mtu mwenye bando na uvumi.

Ya tano ni kujitathmini baada ya tukio. Watu wanakaa, wanauliza: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini kulikuwa na tofauti, tubadilishe nini? Sharti lake ni kwamba kikao hicho si mahakama. Watu wakiogopa kuadhibiwa watasema kila kitu kilikwenda vizuri, na kosa litarudi mwakani.

Hayafundishwi kwa slaidi

Hapa naingia kwenye eneo langu, maana nasoma ualimu. Ukimfundisha mtu kuogelea kwa slaidi, atafaulu mtihani na atazama. Uongozi wa dharura uko hivyohivyo.

Mafunzo ya epidemiolojia kwa vitendo yanalijua hilo. Kenya iliyaanza mwaka 2004, Tanzania mwaka 2008. Kwa kawaida robo tu ya muda ni darasani, robo tatu ni kazini: kuchunguza mlipuko wa kweli, kuchambua takwimu za kweli, kuandika taarifa ambayo mganga mkuu wa wilaya ataisoma kweli. Kuna ngazi ya miezi mitatu kwa watumishi wa chini kabisa, na kuna ngazi ya miaka miwili.

Halafu kuna mazoezi ya kuigiza. Dogo ni zoezi la mezani: watu wanakaa, wanasomewa tukio la kubuni, na kila baada ya muda wanaongezewa habari mpya ya kuwavuruga. Kubwa ni lile la uwanjani. Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi la namna hiyo mpakani Namanga, upande wa Kenya na upande wa Tanzania, wakiigiza mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo unapita kwa mifugo na watu, kwa hiyo waliitwa wa afya, wa mifugo, wa mpakani na wengine wengi. Faida ya kuigiza ni hii: unagundua kwamba namba ya simu iliyoandikwa kwenye mpango haipatikani, na unaligundua siku ambayo hakuna anayekufa.

Pale imani inapokosekana

Nisiwape picha kwamba mfumo mzuri kwenye karatasi unatosha. Kati ya 2018 na 2020, mashariki mwa Kongo, hasa Kivu Kaskazini, kulikuwa na mlipuko wa Ebola ulioua watu zaidi ya 2,200. Safari hii chanjo ilikuwepo. Wataalamu walikuwepo, fedha zilikuwepo. Lakini watu wa Beni na Butembo walikuwa wameishi na mauaji ya makundi ya silaha kwa miaka, wakiomba msaada bila kusikilizwa. Ghafla wakaona misururu ya magari mapya yaliyoletwa na ugonjwa mmoja. Wakauliza, na swali lilikuwa la haki: mbona tulipokuwa tunachinjwa hamkuja? Wengine wakasema Ebola ni biashara. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Aprili 19, 2019, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa epidemiolojia kutoka Kamerun aliyekuwa akifanya kazi na WHO, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Somo walilobeba wengi kutoka kule ni kwamba kuisikiliza jamii ni kazi ya kiongozi mwenyewe, tangu siku ya kwanza. Hakumwachii ofisa mmoja wa uhamasishaji mwenye kipaza sauti. Uelewe watu wanaogopa nini, wanaamini nani, wanazika vipi, ndipo upange. Mzee wa mtaa aliyekubali ana thamani kuliko mabango mia.

Tujaribu zoezi dogo

Tuwe na zoezi letu la mezani, hapahapa. Chukua watu watano chumbani kwako.

Ni Jumamosi, saa 3 usiku, msimu wa masika, maji ya bomba yamekatika tangu juzi. Wanafunzi wanne wa korido moja wanaharisha majimaji na kutapika. Mmoja hawezi kusimama. Mnafanya nini katika dakika kumi za kwanza?

Wengi wataanza kubishana kama ni kipindupindu. Hilo si swali la dakika kumi za kwanza. Asiyeweza kusimama anapelekwa hospitali sasa hivi, kwa sababu upungufu wa maji mwilini unaua ndani ya saa chache. Wengine watatu wanaanza kunywa maji ya ORS mara moja huku wakipelekwa kupimwa. Kama pakiti hazipo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vya kufuta. Kisha mnachagua kiongozi mmoja na kugawana: mmoja anaandika orodha, yaani jina, chumba, saa dalili zilipoanza, alikula na kunywa wapi, mmoja anatafuta maji, sabuni na usafiri, mmoja anashika mawasiliano, mmoja yuko na wagonjwa.

Habari mpya, saa 4 usiku. Kwenye kundi la WhatsApla hosteli kuna ujumbe: "Wamekufa watatu, kimbieni." Hakuna aliyekufa. Mtajibu au mtanyamaza? Jibuni, kwa jina la mtu anayejulikana, na kwa ufupi: wanne wanaumwa, wako kwenye matibabu, chanzo bado hakijajulikana, msinywe maji yasiyochemshwa, mkiona dalili nendeni zahanati. Wakikimbilia makwao usiku ule, ugonjwa unaweza kusafiri nao kwa basi hadi mikoa mingine.

Habari mpya, saa 5 usiku. Mtu mmoja mwenye madaraka hosteli anasema msitoe taarifa hadi Jumatatu, jina la chuo litachafuka. Hapa ndipo uongozi unapopimwa. Kumbuka ile siku 1 kwenye 7-1-7. Taarifa inakwenda zahanati ya chuo na kwa mamlaka ya afya ya wilaya au manispaa usiku uleule. Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199. Kumheshimu mkubwa hakukuzuii kumwambia, "Mzee, shikamoo, tumekuelewa, lakini hili haliwezi kusubiri."

Habari ya mwisho, Jumapili asubuhi. Wagonjwa wamefika tisa, na watu wameanza kumnyooshea kidole mama ntilie wa getini. Orodha yenu inasema nini? Kama tisa wote walikula kwake, wapeni wataalamu taarifa hiyo. Lakini kama hata wasioumwa walikula kwake, na wanaoumwa wote walichota maji kwenye simtanki moja, mmemwokoa mama wa watu na mmeokoa wenzenu pia. Orodha ya usiku ule, iliyoandikwa kwenye kurasa za daftari, ndiyo epidemiolojia yenyewe.

Kwa nini sisi

Sisi wenye umri huu wengi tulikuwa sekondari Machi 17, 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Uviko. Tulifungasha na kuondoka, basi. Upande wa pili wa siku ile alikuwepo mkuu wa shule mwenye mamia ya watoto wa bweni, wanaotoka mikoa tofauti, wenye nauli na wasio na nauli, na wazazi wanaopiga simu kila dakika. Miaka michache ijayo huyo mkuu, au msaidizi wake, ni mmoja wetu. Katika shule nyingi za vijijini mwalimu ndiye mtu mwenye orodha ya majina, ndiye anayejua nani hakuja leo na kwa nini, na ndiye anayesikilizwa kwenye mkutano wa kijiji. Darasa lililopoteza wanafunzi sita kwa siku moja linaweza kuwa dalili ya kwanza ya mlipuko, kabla zahanati haijaona mgonjwa hata mmoja.

Nimepitia mpango wangu wa masomo wa miaka mitatu. Kuna saikolojia ya elimu, kuna mitaala, kuna upimaji. Mafunzo ya kuongoza shule siku ya dharura ya afya sijayaona. Na wenzangu wa kozi nyingine niliowauliza wamenijibu hivyohivyo.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa serikali yetu ya wanafunzi, na yote hayana gharama ya kutisha. Moja, kila mwanzo wa mwaka, katika wiki ile ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, itengwe nusu siku ya zoezi la mezani kwa viongozi wa hosteli na maCR wote, likiendeshwa na watu wa zahanati ya chuo pamoja na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Mbili, kila hosteli ibandike ukutani karatasi moja: nani anaongoza dharura ikitokea, nani msaidizi wake akiwa hayupo, namba zao, na namba za zahanati. Na namba hizo zipigwe kila semista kuona kama zinapatikana.

Marburg ilirudi Kagera Januari 2025, safari hii Biharamulo, na watu kumi walifariki kabla haijatangazwa kuisha Machi 13. Milipuko haiangalii ratiba ya mitihani wala haingoji bumu liingie. Ukimaliza kusoma hapa, muulize kiongozi wa hosteli yako swali moja: usiku wa leo watu wanne wakianza kuharisha, wa kwanza kumpigia ni nani? Akikujibu jina na namba bila kusita, mko vizuri. Akikuangalia tu, kaeni mliandike jibu pamoja kabla hamjalala.